Maharage ya Jumatatu

Jumatatu

Kaka Kimara: [Picha: kioo cha simu, kilomita 6.8, dakika 44]
Alhamdulillah. Wiki ya tatu sijakosa Jumatatu. "Sina muda" tuwaachie wengine 💪

Dada Mkubwa: Mashallah. Kitambi kinakimbia au kinabebwa?

Kaka Kimara: 😂 Kwa sasa kinabebwa. Siri ni kutokukaa. Saa kumi na moja na nusu niko nyumbani, navaa raba, natoka. Ukigusa kochi tu umekwisha.

Mjomba Muscat: Hongera mpwa wangu. Huku kwa joto hili watu wanatoka kutembea baada ya Isha. Mchana ukitoka unakaangika.

Wifi: [Picha: sufuria ya maharage jikoni, pembeni mkono wa mtoto umeshika daftari la hesabu]
Na mimi wiki ya tatu sijakosa Jumatatu.

Shemeji: Aisee.

Shemeji: Mimi nipo kwa mbali naangalia.

Kaka Kimara: _Ujumbe huu umefutwa_

Mimi: Umechelewa kufuta, tumeshasoma. "Si nilikwambia twende ukasema umechoka." Wifi, uwanja ni wako.

Wifi: Wifi yangu, niseme nini. Nashuka Kimara Mwisho saa kumi na mbili na nusu, toka Kariakoo nimesimama kwenye mwendokasi mkono juu kama naapishwa. Naingia ndani, maharage niliyoloweka alfajiri yako palepale yananitazama. Nawahi Magharibi. Mtoto anataka kusaidiwa kutoa kwa kukopa. Mkimbiaji wenu anarudi anatiririka jasho, anaegemea friji, anauliza "bado?"
Tukimaliza kula na vyombo ni saa tatu. Sasa anioneshe hiyo njia yake. Mtaani kwetu saa hizo hakuna taa hata moja. Yeye akitoka anakimbia, mimi nikitoka nitakimbizwa.

Dada Mkubwa: Hiyo ya taa watu hawaisemi. Wanaume wakituambia "amka ufanye mazoezi" wanadhani tunapishana nao kwa uvivu tu.

Mama: [Sauti, 2:51]

Mimi: Niko kwenye daladala jamani, mtu aniandikie kwa kifupi.

Dada Mkubwa: Anasema wao walitwanga, wakachota maji, wakaenda shamba na kurudi na kuni kichwani, raba walikuwa hawazijui. Halafu anauliza maharage yana tui au hayana. Mwisho kuna jogoo anawika.

Dada Mkubwa: Lakini Mama, kinu umekiacha miaka. Kliniki ya sukari walikwambia nini?

Mama: kutembea

Dada Mkubwa: Na unatembea?

Mama: mvua

Shemeji: 😂😂😂 Shikamoo Mama.

Mama: marahaba

Dada Mkubwa: Dakika kumi na tano baada ya kula zinatosha kuanzia, hata uani, kutoka mlangoni hadi kwenye mwembe na kurudi. Misuli ikifanya kazi inaitumia ile sukari iliyotoka kwenye chakula. Si lazima ufike Raskazone.
Na nyie wengine, kwa vile tumefika hapa: Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za mwendo wa wastani. Kule wodini mgonjwa akiniuliza wastani ni upi, namwambia ni ule ambao unaweza kupiga soga lakini huwezi kuimba. Na unaweza kuzikatakata. Kumi hapa, ishirini pale, zote zinahesabiwa.

Kaka Kimara: Kwa hiyo mimi niache kukimbia ili kikundi kifurahi?

Mimi: Nani kakwambia uache? Ugomvi wetu ni na maharage. Mboga ya kuchemka saa mbili nzima kwenye jioni inayoisha saa tatu, hapo hata awe nani hapumziki. Mimi nachemsha Jumapili kilo nzima, nachuja, nagawa kwenye makopo ya aiskrimu, naweka friza. Siku ya kula ni kitunguu, nyanya, karoti, tui mwishoni. Dakika 20 tuko mezani.

Shemeji: Makopo ya aiskrimu nayafahamu. Yameniumiza sana hayo. Unafungua na kijiko mkononi kabisa.

Mimi: Tena wifi una sufuria ya presha ile ya harusi! Yaliyolala majini toka alfajiri ni nusu saa tu, hata haifiki.

Wifi: Presha ninayo. Mpira wa mfuniko umelegea, mvuke wote unatokea pembeni, haipigi filimbi. Kuna mtu aliahidi kununua mpira tangu Ramadhani.

Wifi: Sitaji.

Mjomba Muscat: Mpwa wangu, raba ulinunua lini?

Kaka Kimara: Mjomba na wewe 🙈

Kaka Kimara: Sawa. Mpira nanunua kesho. Na kesho napika mimi.

Dada Mkubwa: Nimeupigia picha huo ujumbe kabla haujafutwa.

Mimi: Na dagaa wifi uwe unachambua mapema. Mimi nakaa nao mbele ya tamthilia ya Kituruki, ikiisha na vichwa vimeisha. Napumzika huku nafanya kazi.

Wifi: Wifi usinichekeshe. Hiyo ni kazi iliyokaa kwenye kochi. Mimi kupumzika kwangu ni nusu saa tu ambayo hakuna mtu ananiuliza kitu kiko wapi. Chumvi iko wapi, soksi iko wapi, rimoti iko wapi. Hata tamthilia sihitaji. Nikae niangalie ukuta.

Mimi: Hapo umenigusa. Dagaa nawarudisha kwenye mfuko.

Jumanne

Wifi: [Picha: raba nyeupe juu ya sakafu ya kituo cha mwendokasi, viatu vya kazini vimechungulia kwenye mkoba]
Nimeshukia Baruti. Kutoka hapa mpaka Kimara Mwisho naenda kwa mguu. Barabara ina taa, watu wamejaa, na foleni imesimama, nawapita wenye magari mmoja mmoja.

Dada Mkubwa: Weee! Safi sana. Ukiweza kuimba ongeza mwendo.

Kaka Kimara: Ugali wa watu wanne maji vikombe vingapi?

Mama: kwa macho

Kaka Kimara: Mama, macho yangu hayajawahi kufanya hiyo kazi.

Mimi: Vikombe sita vya chai. Yakipata moto toa kidogo, koroga na unga pembeni, rudisha, acha uji utokote kwanza. Hapo ndipo unaongeza unga kavu taratibu na kusonga. Usimwage wote kwa mpigo.

Kaka Kimara: Nimeshamwaga wote.

Kaka Kimara: [Picha: sufuria, madonge meupe yanaelea]

Shemeji: Hizo ni katlesi?

Mama: [Sauti, 0:09]

Dada Mkubwa: Ni kicheko tu. Hajasema kitu.

Mimi: Yaponde kwenye ukingo wa sufuria moja moja, punguza moto. Yataisha. Mkono utauma kuliko kilomita zako.

Kaka Kimara: Jasho hili hata Jumatatu silipati. Mpira wa presha nimenunua, maharage yamepiga filimbi, yameiva. Mchicha nimeosha mara tatu bado una mchanga.

Mama: nimezunguka mwembe mara nne

Dada Mkubwa: Mama!! ❤️ Ulishakula?

Mama: bado

Dada Mkubwa: Ilikuwa baada ya kula, Mama.

Mama: nitarudia

Kaka Kimara: @Wifi mwiko mkubwa uko wapi? Huu mdogo umevunjika.

Mimi: Wifi usijibu.

Dada Mkubwa: Usijibu kabisa.

Kaka Kimara: Nauliza tu jamani, ugali unashika chini.

Shemeji: Ameshasoma, tiki za bluu hizo. Pole kaka.

Wifi: Niko kituo cha Korogwe. Naona kuna ukuta mzuri hapa, nausimamia kidogo niuangalie.