Kundi la familia: Uwanja wa Mama

Jumamosi

Rehema 11:42
Asalaam aleikum jamani. Mama, shikamoo. Yule mbunifu wa bustani ameondoka sasa hivi. Kakaa saa mbili na nusu na hajachora hata mstari.

Kaka Idi 11:50
Waaleikum salaam. Saa mbili na nusu anafanya nini? Mimi niko huku Dodoma, nataka kujua hela inakwenda wapi.

Rehema 11:58
Kaka, kapima uwanja wote kwa futi. Kamwaga ndoo mbili za maji getini, akayafuata yanakoelekea. Kachimba vishimo vitatu: mbele ni kichanga kitupu, nyuma ya jiko udongo mweusi unaonata. Halafu akakaa barazani na Mama. Huko ndiko muda ulikokwenda.

Mama 12:10
Marahaba wanangu. Kijana ana adabu. Kaniuliza asubuhi nakaa wapi, jioni nakaa wapi. Nikamwambia asubuhi barazani, jioni huko mbele hakukaliki, jua lote liko usoni.

Kaka Idi 12:14
Sawa Mama. Lakini mchoro peke yake laki nne na nusu, bado hata mche mmoja haujanunuliwa. Si tungempa fundi bustani apande nyasi na maua, yaishe?

Dada Saida 12:21
Idi mdogo wangu, mwaka jana tulifanya hivyohivyo. Miashoki 12, lori la udongo mwekundu, nyasi za kutandaza mpaka ukutani. Masika ilipokuja udongo ukahama na maji, ukaishia kwa jirani, tukaenda kuomba radhi. Miashoki imebaki minne. Piga hesabu mwenyewe, imezidi laki nne na nusu.

Kaka Idi 12:23
Hilo nalikumbuka.

Rehema 12:37
Na leo ndiyo nimeelewa sababu. Kiwanja chetu kinateremka kutoka barabarani kuja kwenye nyumba, na maji ya bati yote tunayaachia kona moja, ile ya karo. Kanifundisha hesabu: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya bati ni lita 1. Paa letu ni kama mita 140. Siku ya Aprili ikinyesha milimita 30, hizo ni lita 4,200 zinashuka hapo kwa mkupuo. Udongo gani utabaki?

Anachotaka yeye: gata zizunguke nyumba, maji yaingie simtanki. Ikijaa, ziada ipite kwenye mtaro wa kokoto, iende kwenye migomba huko chini. Maji kwanza, kupanda baadaye. Hata orodha ya miche hataki kuitaja mpaka hilo likae sawa.

Shangazi Tanga 12:51
Hapo kijana kasema. Wifi, asumini umemwambia lakini?

Mama 12:55
Nimemwambia wifi yangu. Asumini na mrehani chini ya dirisha langu. Dirisha linatazama kaskazini, akasema upepo wa kaskazi ukianza harufu itaingia yenyewe.

Kaka Idi 13:02
Na magari? Niliomba pa kuegesha mawili. Nadhani ule mwembe itabidi uondoke.

Mama 13:20
Mwembe aliupanda baba yenu kabla nyumba haijaezekwa. Maji alikuwa anautilia kwa kopo la rangi.

Kaka Idi 13:21
Samahani Mama.

Rehema 13:30
Mbunifu mwenyewe kaukataa huo mpango kabla sijafungua mdomo. Mwembe uko magharibi, ndio kivuli pekee tulicho nacho saa kumi jioni. Ukikatwa, chumba cha Mama kitawaka. Anasema baraza ya jioni iwe hukohuko chini yake, na zege lisimwagwe kwenye eneo la kivuli, kwa sababu mizizi inahitaji hewa na maji. Magari yatapangwa moja nyuma ya jingine kando ya ukuta, juu ya vitofali vyenye matundu yanayoota nyasi.

Dada Saida 13:44
Mimi nilichompendea ni kuonyesha bustani ya zamani. Amesoma usanifu wa mandhari pale Chuo Kikuu Ardhi, sawa, lakini nilimwambia anipeleke kwenye kazi yake ya miaka mitatu iliyopita. Bustani ya mwezi jana kila moja inapendeza. Tukaenda Boko, nikamkuta mwenye nyumba anavuna ndimu.

Jumanne

Rehema 19:05
[Picha] Mchoro wa kwanza huo. Ukuzeni muone vizuri.

Juma 19:11
Kile kiduara karibu na baraza ni nini?

Rehema 19:12
Kidimbwi cha samaki.

Mama 19:15
Hapana. Mbu waliopo wanatosha.

Dada Saida 19:24
Nimeutazama mara tatu. Kamba ya nguo iko wapi? Na matembele kayaweka mwisho kabisa wa ua, Mama atakuwa anavuka uwanja kila akitaka mboga. Yaje mlangoni pa jiko, udongo mzuri uko hukohuko.

Jingine, pale katikati kapanga mawe na vyungu. Hii ndiyo nyumba tunayokusanyikia wote. Ikija shughuli, au msiba, turubai mbili zitafungwa wapi? Katikati pabaki nyasi tu, pawe wazi.

Shangazi Tanga 19:30
Umenena mwanangu. Pa turubai ni lazima.

Rehema 19:52
Nimempigia. Hajabisha hata kidogo, kasema angejua angeuliza. Kidimbwi anakifuta, katikati anapaacha wazi, anarudisha mchoro Ijumaa. Nasi tuna kosa: kabla hajaja tungekaa tukaandika tunavyoishi humo ndani. Ya turubai asingeyajua kwa kupima na futi.

Kaniuliza pia nani atamwagilia, kila siku. Nijibu nini?

Juma 19:58
Mimi, jioni nikitoka kazini. Asubuhi siwezi.

Rehema 20:03
Basi atapunguza nyasi, apande vinavyovumilia: mshubiri, komamanga, mchaichai.

Kaka Idi 20:40
Nimesoma yote. Mambo mawili. Atuandikie miche mingapi, aina gani, umbali gani, bei ya kila kitu, na tulipe kwa hatua: mchoro, kazi ya maji, kisha kupanda. Na akirudi baada ya miezi mitatu kukagua, iwe ndani ya makubaliano.

Rehema 20:44
Amekubali kukagua. Anataka gata na mtaro viishe Septemba hii, tupande mvua za vuli zikianza Oktoba.

Kaka Idi 20:52
Nimetuma ya mchoro na nusu ya gata. Mama, mwembe hauguswi.

Mama 21:01
Mungu akuzidishie. Dodo zinaanza kuiva Novemba. Njoo na watoto.