Naomba ushauri: baba anamwelekeza mtoto kila anapogusa mpira

Ndugu zangu, nawasalimu kutoka Makorora, Tanga. Mwanangu wa kiume ana miaka 12, na walimu wanamwandaa kwa mashindano ya UMITASHUMTA, yaani michezo ya shule za msingi Tanzania. Baba yake anampenda mno: humnunulia viatu hata hali ikiwa ngumu, wala hakosi mechi. Ila akiwa pembeni ya uwanja hutoa maelekezo kwa sauti kubwa, mara nyingi kinyume na ya mwalimu, hata imefika mahali mtoto akipokea mpira humtazama kwanza baba yake kabla ya kutoa pasi, na wapinzani wakamnyang'anya. Wakifungwa, mechi huchambuliwa nyumbani mpaka chakula kinapoa, na mtoto huitikia kwa kichwa tu.

Mtafiti Jean Côté wa Kanada alieleza mwaka 1999 kwamba hadi kufikia miaka 12 hivi mtoto hunufaika kwa kujaribu michezo mbalimbali kwa furaha, na kwamba kadiri anavyokua mzazi huacha kuongoza, akabaki kumuunga mkono. Naliamini hilo kabisa. Sasa baba anataka mtoto aache kuogelea Raskazone, jambo analolipenda sana, abaki na mpira peke yake.

Nawaomba mliopitia haya, hasa akina baba na makocha: nizungumze na mume wangu vipi bila kumvunjia heshima, na je, ni busara mwalimu ndiye aanze kulisema? Kuhusu kuogelea, mngemwacha aendelee hadi umri gani?