Mjadala: Tukileta punda Bukavu, awe wa nani?

Wandugu, hoja ni hii: tulete hapa Bukavu, mashariki ya Kongo, punda na nyumbu (mzao wa punda na farasi) wabebe mizigo inayowavunja migongo mama zetu pale soko la Kadutu. Wengine wanasema waje hata kesho. Wengine wanasema huko ni kumtwisha mnyama mateso ya binadamu. Mimi nasema waje, kwa sharti kwamba punda awe mali ya mama anayemtumia.

Tazameni matanuru ya matofali ya India na Pakistan. Farasi, nyumbu na punda wanabeba matofali juani, na malipo ni kwa hesabu ya matofali. Wenye wanyama wengi wameshakula pesa ya tajiri wa tanuru kabla msimu haujaanza, kwa hiyo hata nyumbu akichechemea hapumzishwi. Huruma wanayo, ila deni linawasukuma. Hapa kwetu tajiri akinunua punda kumi na kuwakodisha, kijana atawapakia kupita kiasi, kama motari, dereva wa pikipiki ya abiria, anavyokimbizana na pesa ya kumpelekea bosi jioni. Na mama atakuwa amepoteza kazi.

Punda wa kilo 160 hivi, inashauriwa asibebeshwe zaidi ya kilo 50. Nanyi mnawaona mama wanaopanda kilima na gunia la makala (mkaa) lililo zito kuliko hapo, kamba imekaza kwenye paji la uso, mishipa ya shingo imetoka. Tukimwekea punda kipimo, mama naye awekewe. Inaniuma kwamba hilo halisemwi.

Kuhusu vidonda: gunia likikaa moja kwa moja juu ya uti wa mgongo, ngozi inachubuka na kuoza. Dawa yake ni mito miwili minene, mmoja kila ubavu, mfupa wa katikati ubaki bila kuguswa. Fundi cherehani yeyote wa Bagira anaweza kuishona.

Wanaotaka marufuku wanataja Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, ilikoondolewa mikokoteni ya farasi mwaka 2013. Sawa, lakini wenye mikokoteni walipewa magari madogo au msaada wa kuanza kazi nyingine. Komini zetu, yaani serikali za mitaa ya mji, zitawapa nini akina mama? Mimi nawatazama watu wa Lamu: punda bado wanapita vichochoroni, na tangu 1987 kuna mahali pa kuwatibu bure.

Sasa nawauliza mnaosema kesho: punda akiugua wiki nzima, nani atalipa daktari wa mifugo, na watoto wa mama huyo watakula nini? AVEC za akina mama, vile vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, tayari zina kisanduku cha ugonjwa na msiba. Naona tungeanzia hapo: punda waingizwe kwenye kisanduku hicho, na serikali ya jimbo iongeze sehemu yake kabla mnyama wa kwanza hajanunuliwa. Nani anapinga, na kwa nini?