Ren Zhengfei wa Huawei: je, kujificha kwake kumechangia mafanikio ya kampuni?

Mwanagenzi:

Heshima kwenu wanajukwaa. Kwa muda sasa nimekuwa nikifuatilia maisha ya Ren Zhengfei, mtendaji mkuu wa Huawei, na lipo jambo moja ambalo bado linanitatiza. Mtu huyu, mtoto wa walimu kutoka jimbo la Guizhou nchini China na aliyewahi kuwa mhandisi wa jeshi, alianzisha kampuni yake mjini Shenzhen mwaka 1987 akiwa amekwisha kuvuka umri wa miaka 40, kwa mtaji wa yuani 21,000 aliochangishana na wenzake, na akaikuza hadi ikawapita washindani wote duniani katika mitambo ya mawasiliano. Hata hivyo, hadi kufikia mwaka 2013 alikuwa karibu hajawahi kuketi na mwandishi wa habari kwa mahojiano. Mwaka 2016 ilisambaa picha yake akiwa uwanja wa ndege wa Shanghai, mzee wa miaka 71 na begi lake la kuvuta, amepanga foleni ya teksi kama abiria mwingine yeyote, bila msaidizi wala mlinzi.

Siku hizi tunafundishwa kwamba kiongozi wa biashara asiyejitangaza hupoteza wateja. Je, ukimya wa Ren ni sehemu ya mbinu zake za kibiashara, au ni tabia yake tu na kampuni ingefanikiwa hata kama angeonekana kwenye televisheni kila wiki?

Mhasibu Mkongwe:

Ndugu Mwanagenzi, ningependa kwanza tuelewane kwamba Ren hakuwa bubu. Aliandika sana, ila wasomaji wake walikuwa wafanyakazi wa Huawei. Waraka wake mashuhuri zaidi ni ule wa mwaka 2001, wakati kampuni ilikuwa imetoka kupata faida kubwa kupindukia na kila mtu alikuwa akisherehekea. Yeye aliwaandikia watu wake kwamba majira ya baridi yanakaribia, kwamba kwa miaka 10 amekuwa akiwaza kushindwa kila siku na wala hayaoni mafanikio, kisha akawauliza kama wamewahi kufikiri watafanya nini siku mauzo yatakapoporomoka. Mwaka uliofuata mauzo yakashuka kweli, kwa mara ya kwanza. Mkuu wa kampuni ambayo hisa zake zinauzwa sokoni asingethubutu kuandika maneno hayo, kwa kuwa bei ya hisa ingeanguka kabla ya jua kuzama.

Hapo ndipo ninapoiona siri yenyewe. Huawei haimo katika soko la hisa. Inamilikiwa na wafanyakazi wake kupitia chama chao, na mwanzilishi mwenyewe amebakiza takriban asilimia 1 tu. Kwa hiyo Ren hakuwa na mwekezaji wa nje wa kumbembeleza kila robo mwaka, wala sababu ya kupanda jukwaani kuahidi makubwa. Watu aliopaswa kuwashawishi walikuwa ndani ya jengo, nao gawio lao lilitegemea kazi ya mikono yao wenyewe. Kwa muda mrefu kampuni imekuwa ikitenga angalau asilimia 10 ya mapato yake kwa ajili ya utafiti, kiwango ambacho wanahisa wenye haraka ya faida wangekipigia kelele.

Jambo la pili ni kwamba alijenga taratibu ambazo hazikumhitaji yeye kuwa shujaa. Mwaka 1996 wakuu wote wa idara ya mauzo walitakiwa kuwasilisha karatasi mbili kwa pamoja, moja ikiwa ripoti ya kazi na nyingine barua ya kujiuzulu, na kampuni ikachagua ipi ya kupokea. Wengi wao walikuwa wameifungulia Huawei masoko ya vijijini ambako kampuni za kigeni hazikutaka kwenda, lakini kampuni ilikuwa imekua kuliko uwezo wa baadhi yao. Ni hatua ngumu, na sioni kwamba kila mwajiri anaweza kuiiga bila kuwaumiza watu. Miaka miwili baadaye aliwaita washauri wa IBM, kampuni ya kompyuta ya Marekani, wapange upya namna bidhaa zinavyobuniwa, na mameneja walipolalamika kwamba taratibu za Kimarekani haziwafai, aliwajibu kwamba kiatu kikibana, mguu ndio utakaochongwa.

Msomaji wa Magazeti:

Nakubaliana na Mhasibu Mkongwe kuhusu umiliki, lakini naona ameiacha gharama ya ukimya huo, nayo haikuwa ndogo. Mtu aliyetumikia jeshi, anayeongoza kampuni inayojenga mitandao ya simu ya mataifa mengine, hawezi kujificha kwa robo karne halafu ashangae watu wanapomshuku. Ripoti ya kamati ya ujasusi ya Bunge la Marekani ya Oktoba 2012 ililalamika waziwazi kwamba Huawei haikutoa maelezo ya kutosha kuhusu umiliki na uongozi wake, ikazishauri kampuni za nchi hiyo ziepuke vifaa vyake. Sisemi kwamba mahojiano machache yangeondoa mgogoro wa mataifa mawili makubwa. Ninachosema ni kwamba pengo aliloliacha lilijazwa na maneno ya wengine.

Yeye mwenyewe alibadilika. Baada ya binti yake, Meng Wanzhou, ambaye ni mkuu wa fedha wa kampuni, kukamatwa Vancouver, Kanada, kwa ombi la Marekani mnamo Desemba 2018, Ren aliwaita waandishi wa nje Shenzhen Januari 2019, na mwaka huo akazungumza nao mara nyingi kuliko maisha yake yote ya nyuma. Kilichonigusa ni kwamba hakuitumia nafasi hiyo kuwachochea watu. Baada ya Marekani kuiwekea Huawei vikwazo mwezi Mei, alisema kwamba familia yake hutumia simu za Apple, kampuni ya Marekani, na kwamba China ikitaka kulipiza kisasi kwa kampuni hiyo, yeye atakuwa wa kwanza kupinga.

Mwanagenzi:

Nawashukuru sana. Naona sasa kwamba nilichanganya kunyamaza mbele ya umma na kunyamaza mbele ya wafanyakazi. Nina swali moja la nyongeza: iwapo taratibu ndizo zinazoongoza, kwa nini bado yupo katika umri huu?

Mhasibu Mkongwe:

Ni swali la haki, na hapo mfumo wake haujakamilika. Tangu mwaka 2018 wenyeviti watatu hupokezana uongozi, kila mmoja kwa miezi 6, lakini Ren amebaki kuwa mtendaji mkuu mwenye kura ya turufu, yaani uwezo wa kuzuia uamuzi wa wenzake. Aidha, mwaka 2013 aliwaandikia wafanyakazi kwamba hakuna mtu wa familia yake atakayemrithi, ilhali mwaka 2022 Meng aliingia miongoni mwa wenyeviti wanaopokezana. Huenda ameingia kwa uwezo wake, na miaka yake ya kazi katika fedha inatosha kumtetea, lakini wafanyakazi wenye hisa wanastahili kuelezwa waziwazi kura ile ya turufu itakwenda kwa nani.