Kulinganisha shule za msingi za serikali wilaya ya Bahi, nyie mnaangalia nini?

Mama Wawili:
Habari zenu wakuu. Naomba msaada kwa wenye uzoefu na shule za vijijini huku kwetu Dodoma. Mume wangu ni bwana shamba, amehamishiwa wilaya ya Bahi, tunahama mwezi wa kumi na mbili, nina mtoto anaingia la kwanza na mwingine anaenda la tano. Kule kuna shule tatu za serikali ambazo mtoto anaweza kufika kwa miguu. Majina sitaji nisije nikamharibia mtu kazi, nitaziita ya barabarani, ya zahanati na ya ng'ambo ya korongo. Nimeingia kwenye tovuti ya NECTA, wale baraza la mitihani, nikaangalia matokeo ya la saba, ya ng'ambo ndo inaongoza kwa wastani, ya barabarani inafuata, ya zahanati inashika mkia. Baba watoto kashamaliza, anasema ng'ambo. Mimi moyo unasita, maana hata NECTA wenyewe tangu Januari 2023 waliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora, sasa sisi wazazi tunazipanga kwa kipimo gani? Private hatuiwezi, na bweni kwa mtoto wa miaka sita sitaki kusikia.

Chaki Nyeupe:
Dada karibu sana. Mimi ni mwalimu, miaka 11 Chamwino huku, shule za aina hiyo nazijua ndani nje. Wastani unaouona ni kati ya 300, masomo sita kila moja 50, ila usiuangalie huo peke yake, angalia waliofanya mtihani ni wangapi. Shule yenye watahiniwa 20 watoto wanne tu wakali wanainyanyua, yenye 110 hainyanyuliki hivyo.

Halafu fanya hivi, chukua idadi ya waliofanya la saba mwaka huo kisha rudi nyuma miaka mitatu kwenye matokeo ya la nne ya shule hiyohiyo, ni watoto walewale hao. Ukikuta la nne walikuwa wengi na la saba wamebaki nusu uliza wameenda wapi. Wapo waliohama na wazazi, wapo waliokariri la nne, sawa, lakini wengine wako machungani na mabinti wako mjini wanafanya kazi za ndani. Niliwahi kufundisha shule moja wastani ukapanda tukapongezwa kwenye kikao cha kata, mimi mwenyewe nikapiga makofi, na huku najua kuna kijana alikuwa anakaa dawati la dirishani, hesabu anazifanya kichwani kabla sijamaliza kuandika ubaoni, tangu Machi alikuwa anafuata ng'ombe wa baba yake mdogo. Hakuwepo kwenye ule wastani. Mpaka leo linaniuma.

Na huyo wa la kwanza uliza jambo moja tu, nani anafundisha la kwanza na la pili. Shule nyingi mwalimu mzuri anapelekwa la saba kwa sababu ya mtihani, la kwanza anapewa aliyebaki. Mtoto asipojua kusoma mpaka la tatu, huko mbele anakuwa anakopi tu.

Mzee wa Kigwe:
Mbukwenyi. Mwanangu, mwalimu amesema vizuri ila amesahau tumbo. Elimu bila malipo ilipoanza 2016 michango ya lazima ikaondoka, lakini chakula cha mchana kilibaki kwetu wazazi, tunakubaliana kwenye mkutano wa kijiji kila mzazi atoe mahindi na maharage kiasi gani. Sasa huku mavuno ni mwezi wa tano wa sita, Januari mpaka Machi ghala limekauka, ndo miezi ya kulima na ndo miezi ya njaa. Shule ambayo kamati ilikusanya mahindi mapema baada ya mavuno, mwezi wa pili watoto wanakula makande. Iliyongoja ngoja, mwezi wa pili saa sita watoto wanarudi nyumbani na hawarudi tena. Nenda saa nne asubuhi uangalie kama jikoni kuna moshi.

La korongo usilichukulie kirahisi. Unaliona sasa hivi mchanga mtupu unapita hata na kandambili. Mto Bubu unatoka huko Kondoa unakuja kumwaga kwenye mbuga yetu ya Bahi, kwahiyo mvua inanyesha mbali, sisi huku jua linawaka, na maji yanashuka. Mtoto wa la kwanza nani atamvusha?

Dada wa Mundemu:
Naongezea kidogo. Kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja watoto 45, huku ukikuta darasa la 80 shukuru Mungu. Usiishie ofisini kwa mwalimu mkuu, omba daftari la mtoto wa jirani, la hesabu, ufungue uangalie wino mwekundu wa mwisho ni wa tarehe ngapi. Mimi nililikuta la mpwa wangu lina wiki tano halijasahihishwa, na yeye kila siku anajua amepata zote.
Pia kama watoto wako hawajui Kigogo usiogope, ndani ya miezi miwili wanakuwa wanaongea. Kazi ipo kwa wale wanaoingia na Kigogo peke yake.

Mama Wawili:
Jamani asanteni sana, nimeenda Alhamisi. Ya ng'ambo la saba walikuwa 21, la nne yao miaka mitatu nyuma walikuwa 47, nilivyouliza nikaambiwa "wamehama". Ya barabarani la kwanza wamejaa mpaka mlangoni, mwalimu hana pa kupita. Ya zahanati madawati machache, wengine wanakaa chini, lakini nimemkuta mama mmoja wa makamo kakaa chini nao, ana vizibo vya soda kwenye kopo, mtoto akikwama anamwambia kwa Kigogo kwanza halafu anarudia kwa Kiswahili, na daftari zimesahihishwa za jana yake. Jikoni sufuria iko motoni. Mdogo ataenda hapo, baba yake kakubali baada ya kuliona korongo. Huyu wa la tano ndo sijajua, la saba yao kweli hawafanyi vizuri.

Chaki Nyeupe:
Muulize mwalimu mkuu hesabu na Kiingereza la tano mpaka la saba nani anafundisha, kama ni mtu mmoja kwa madarasa yote matatu basi tatizo umeshalipata, muwabane kwenye mkutano wa wazazi mwombe mwalimu kwa afisa elimu. Uhamisho uanze sasa hivi shuleni alipo, namba yake ya PREM, ile ya usajili wa mwanafunzi, uwe nayo, ukingoja Januari utahangaika.

Mama Wawili:
Namba ninayo, Jumatatu naenda.