Mrejesho: kivuli cha nembo kwenye TV ya saluni

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza kuhusu TV ya saluni yetu hapa Sinza: nembo ya chaneli ya habari na ule mstari wa maandishi wa chini vilikuwa vinabaki kama kivuli hata tukibadili chaneli. Sasa kimetoka karibu chote.

Fundi wa Kariakoo alianza kwa kuuliza aina ya kioo. Ni LCD, yaani kioo cha fuwele za kimiminika, chenye taa za LED nyuma, na hapo nikapata ahueni. Kwenye LCD, picha isiyosogea muda mrefu huacha chaji ya umeme ndani ya kioo, fuwele zikachelewa kurudi sawa; mara nyingi hali hiyo huisha. OLED, aina nyingine ya kioo, ni habari nyingine kabisa: kila nukta ya picha hutoa mwanga wake yenyewe na huchakaa kadiri inavyowaka, kwa hiyo alama ikishajichora haifutiki.

Tuliizima usiku kucha, mchana tukaweka video zenye picha zinazobadilika, mwanga tukaupunguza. Kona ya kulia bado ina alama hafifu ukiweka rangi ya kijivu, ila wateja hawaioni.

Wenye OLED, mkizima kwa rimoti msichomoe waya ukutani. Nyingi hujirekebisha nukta zake wakati huo.