Kidato cha nne anasoma hadi saa 7 usiku na bado anasahau. Abadilishe nini?

MleziTemeke
Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu yuko kidato cha nne, shule ya kutwa. Anatoka nyumbani saa 11:30 alfajiri, anarudi saa 11 jioni. Akishakula anakaa na madaftari mpaka saa 7 usiku, anasoma na kupiga mistari kwa kalamu ya rangi. Kesho yake ukimuuliza, kilichobaki ni kidogo sana. Kemia na Baiolojia ndizo zinazomwangusha, na mtihani wa taifa ni Novemba. Naomba ushauri wa ratiba na namna ya kusoma. Maneno ya kumtia moyo hayahitaji, moyo anao.

Mwl_Kemia
Tatizo linaanzia kwenye hiyo kalamu ya rangi. Ukurasa ukiusoma mara ya tatu unaona unaujua, kumbe macho ndiyo yameuzoea. Mtihani unamtaka autoe kichwani. Roediger na Karpicke wa Marekani walilipima jambo hili mwaka 2006: wanafunzi waliosoma kifungu na kukirudia waliongoza walipopimwa baada ya dakika 5. Baada ya wiki moja mambo yakageuka. Waliosoma mara moja kisha wakaandika walichokumbuka bila kuangalia walikumbuka asilimia 56, waliorudia kusoma asilimia 42.

Kwa hiyo asome mada moja dakika 20 hadi 25, kurasa tatu nne zinatosha. Afunge daftari, achukue karatasi tupu, na kwa dakika 10 aandike na kuchora kila anachokumbuka. Kisha afungue na kujazia kwa wino mwekundu alichokosa. Mada hiyo airudie kesho yake, baada ya siku 3, baada ya wiki, halafu baada ya mwezi, na kila mara aanze na karatasi tupu. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanachungulia daftari "kidogo tu" kwanza, na zoezi zima linageuka kuwa kusoma tena.

Karatasi ya kwanza itakuwa na mistari mitano na wekundu mwingi. Atakata tamaa na kutaka kurudi kwenye kalamu yake. Mwambie mapema kwamba huko kuhangaika kukumbuka ndiko kunakofanya kitu kikae.

Na lugha pia. Mtihani ni wa Kiingereza, lakini ajieleze kwanza kwa Kiswahili, kwa mfano kwa nini ateri ya mapafu inabeba damu yenye oksijeni kidogo ilhali ateri nyingine zinabeba yenye oksijeni nyingi. (Ni kwa sababu ateri inaitwa hivyo kwa kutoa damu moyoni, si kwa aina ya damu.) Akishaelewa, ndipo aandike jibu kwa Kiingereza. Aliyekariri sentensi tu, likimpotea neno moja jibu lote limekwenda.

MzeeMorogoro
Nakubaliana na mwalimu. Ila usiku aache kabisa, aamke saa 9 asome hadi saa 11. Kichwa kinakuwa kimetulia na nyumba iko kimya.

Muuguzi_Zamu
Mzee wangu, shikamoo. Alfajiri ni nzuri kwa aliyelala saa 1 usiku, na mwanafunzi wa kutwa hawezi. Hesabu za huyu kijana ni hizi: analala saa 7, anaamka kama saa 11, hayo ni masaa 4. Wa umri wa miaka 13 hadi 18 anahitaji masaa 8 hadi 10. Usingizini ndipo ubongo unapoimarisha kilichosomwa mchana, kwa hiyo anayekesha anapunguza kilekile anachokitafuta.

Alale saa 3 usiku. Asiruke kutoka saa 7 hadi saa 3 siku moja, atagaagaa kitandani na kusema haiwezekani. Arudishe nyuma nusu saa kila baada ya siku mbili tatu. Jumamosi na Jumapili asizidishe saa moja kwenye muda wake wa kuamka, vinginevyo Jumapili usiku usingizi hautakuja.

Chai ya rangi na kahawa mwisho saa 8 mchana. Kafeini huchukua takriban masaa 5 kupungua nusu, maana yake kikombe cha saa 12 jioni saa 5 usiku nusu yake bado imo mwilini. Akirudi amechoka, alale dakika 20 na kengele ikiwa imetegwa. Akilala saa nzima ataamka mzito na usiku utaharibika.

MleziTemeke
Asante dada, asante mwalimu. Akilala saa 3, muda wa kusoma unabaki mdogo sana. Masomo yote yatatosha?

Mwl_Kemia
Yatatosha akiacha kurudia kusoma. Siku za wiki: saa 12:30 hadi 1:15 somo la kwanza, chakula, kisha saa 1:45 hadi 2:30 somo la pili. Masomo mawili kwa usiku, moja la hesabu na moja la maelezo. Simu ikae chumba kingine, na kengele itoke kwenye saa ya mezani. Jumamosi asubuhi afanye mtihani mmoja wa NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania) wa miaka iliyopita kwa masaa 3 kamili, bila daftari.

Kusahihisha ndiko kwenye faida, na wengi wanakuruka. Awe na daftari la makosa, na kila kosa aandike sababu yake, si jibu sahihi tu. Mfano: gramu 4 za NaOH zimeyeyushwa na kufanya myeyusho wa sentimita za ujazo 250, tafuta molariti (moli ngapi ziko katika desimita moja ya ujazo). 4 gawanya kwa 40, ambayo ni gramu za moli moja ya NaOH, ni moli 0.1, hapo wengi wanapata. Kisha wanagawanya kwa 250 na kupata 0.0004. Ilitakiwa kugeuza 250 kuwa desimita za ujazo 0.25, jibu ni 0.4. Kwenye daftari asiandike "sikuwa makini", hiyo haimsaidii. Aandike "sikugeuza kipimo cha ujazo kabla ya kugawanya". Makosa kumi ya namna hiyo yakikaa pamoja, ataona matatu yanajirudia, na hayo ndiyo ya kuanza nayo Jumapili.

Muuguzi_Zamu
Niongeze asubuhi: asitoke na chai tupu. Uji wenye karanga, au kiazi na yai. Kama nyumbani hapawahi kupikwa alfajiri, viazi vichemshwe usiku abebe.

MleziTemeke
Nimeelewa. Leo tunaanza na saa 6:30 usiku, na karatasi tupu ya Baiolojia.